Wakuu wa Mwanza: hili joto la kabla ya vuli ni lile lile la kila mwaka au kuna kitu kinakuja?

#1 Kijana wa Nyakato
Wakuu habari. Niende kwenye mada moja kwa moja. Hapa mjini joto saivi sio la kuchezea, mchana jua la utosini, usiku ndo balaa zaidi maana upepo hakuna kabisa, unageuza mto upande wa pili nao wa moto. Sasa kwenye grupu letu la mtaa imeingia voisi noti ya jamaa anajiita mtaalamu, anasema Kanda ya Ziwa yote kuanzia Mara, Simiyu, Mwanza, Geita mpaka Kagera tujiandae, joto litapanda hadi nyuzi 42 na litakaa hivyo mpaka Novemba, watu wasitoke nje kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Mama mkubwa kaisikiliza, hataki hata kwenda sokoni.

Naombeni majibu. Hiyo 42 kwa Mwanza inawezekana? Mwelekeo wa vuli wanaotoaga hali ya hewa unaongelea na joto au ni mvua tu? Na wenyeji, kila mwisho wa Septemba huwa hivi au mwaka huu limezidi? Mimi nasema limezidi na niko tayari kubishana.

#2 Sato Choma
Nimekaa siti ya mbele na feni yangu. Wataalamu njooni.

#3 Mzee wa Makoroboi
Kijana, Septemba kuingia Oktoba Mwanza ni joto, ilikuwa hivyo hata kabla mama yako hajajua kama atakuzaa. Kipupwe kimeisha, mvua haijaja, hapo katikati ndo tunachemshwa. Tatizo watu mna kumbukumbu fupi, ikinyesha ya kwanza tu mnasahau, mwakani mnarudi "mwaka huu limezidi". Uzi kama huu ulikuwepo mwaka jana humu humu na mabishano yalikuwa yale yale.

Ila 42 huyo jamaa kaitoa Khartoum.

#4 ticha wa jiografia
Shikamoo Mzee wa Makoroboi. Naongezea sababu, maana Mzee katoa historia bila maelezo.

Mwanza ipo kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Jua linavuka ikweta kuja kusini tarehe 22 au 23 Septemba, likifika 29 hivi linakuwa juu ya vichwa vyetu kabisa, halafu linaendelea kushuka, Dar wanalipata karibu tarehe 10 Oktoba. Anayebisha achomeke kijiti wima uwanjani siku hizo, atakuta kivuli kimepotea. Na msichomeke saa sita kamili mkaja kunitukana hapa, saa zetu zinafuata mstari uliopo mashariki mbali huko baharini, sisi tupo magharibi, kwa hiyo jua linafika katikati ya mbingu kama saa saba kasoro dakika ishirini.

Ndo maana joto. Hesabu tu, hakuna maajabu.

#5 DJ wa Igoma
Ticha swali dogo. Kama ni jua kuwa utosini, si linarudi tena mwezi wa tatu likielekea kaskazini? Mbona mwezi wa tatu hatulii hivi? Au hesabu ya Machi ilifutwa?

#6 ticha wa jiografia
DJ swali zuri. Linarudi, tarehe 14 Machi hivi. Lakini Machi masika yanaanza, kuna mawingu, ardhi imeloa, ile nguvu ya jua inatumika kukausha maji badala ya kukuchoma wewe. Septemba ardhi ni kavu, majani yameisha, kila mwale unaishia kwenye udongo na lami.

#7 DJ wa Igoma
Kwa hiyo sio jua, ni ukavu. Umejijibu mwenyewe.

#8 ticha wa jiografia
Ni vyote viwili mkuu, usinikorofishe mapema hivi.

#9 Mpima Mvua
Naona swali la mwelekeo limerukwa. Nimesaidia kusoma kipima mvua cha shule kwa muda mrefu kwa hiyo hizi taarifa nazifuatilia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa mwelekeo wa msimu, vuli ni Oktoba mpaka Desemba kwa mikoa yenye misimu miwili, yaani Kanda ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa Kigoma, pwani ya kaskazini na nyanda za juu kaskazini mashariki. Humo utakuta maneno kama "wastani hadi juu ya wastani" au "wastani hadi chini ya wastani", mvua zinatarajiwa kuanza lini na kuisha lini, na ushauri kwa mkulima, mfugaji, mvuvi. Siku hizi wanashuka mpaka wilaya. Hiyo ni ya miezi mitatu, haiwezi kukwambia Jumanne ijayo Nyakato itakuwa nyuzi ngapi. Kwa joto na upepo wa karibuni angalia ule utabiri wa siku tano na wa siku kumi, ndo wanatoaga humo angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani.

Watu wanakosea hapa: wanasoma "chini ya wastani" wanaelewa ukame wa kufa mtu, wanasoma "juu ya wastani" wanaelewa mafuriko. Pale wanazungumzia nafasi, ipi kubwa kuliko nyingine. Voisi noti haina nafasi, ina uhakika asilimia mia, hapo hapo ujue ni ya uongo.

#10 Binti Sengerema
Asante Mpima Mvua. Lakini mbona simu yangu jana mchana iliandika 31 halafu chini yake inahisika kama 36? Na gari ya shemeji kwenye dashibodi ilisoma 38 pale Buzuruga. Kipi ni kipi sasa.

#11 Mpima Mvua
Dada, ile ya gari iache kabisa, sensa imekaa chini ya bampa, inapima lami na injini ya daladala iliyo mbele yako.

Kipimo rasmi kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, juu kidogo ya kimo cha kiuno, chini nyasi, jua haligusi. Kwa Mwanza kituo kipo uwanja wa ndege, na uwanja wa ndege upo ziwani, kwa hiyo wale wanapata upepo ambao wewe wa bondeni Mabatini huupati. Simu nayo haina kipimo cha hewa ya mtaani kwako, inachukua namba kwenye kompyuta iliyokata dunia vipande vipande, kipande kimoja kinaweza kuwa nusu ziwa nusu mji. Ile "inahisika" wanajumlisha unyevu na upepo. Jasho likikataa kukauka mwili unaona ni zaidi.

Mchana wa kawaida Mwanza kwa miezi hii unacheza nyuzi 28 mpaka 30. Tupo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, huo mwinuko unatupunguzia. Ndo maana 42 ni kichekesho.

#12 Kijana wa Nyakato
Mpima Mvua nimekuelewa lakini 30 yenyewe haiwezi kunifanya nilale sebuleni sakafuni. Kuna kitu hakipo sawa. Mwenye nyumba wangu kaezeka bati bila dari, nadhani na hilo linachangia.

#13 Fundi Bati
Hapo sasa ndo umefika kwangu. Nyie mnatafuta jua na ikweta, joto mmelijenga wenyewe.

Nielezee kitu ninachokiona kila siku. Nyumba mpya za Buhongwa, Kishiri, Nyamhongolo huko, bati geji 30, jembamba kama karatasi, rangi ya udhurungi au nyeusi kwa sababu mama mwenye nyumba kaipenda kwenye picha. Dari hakuna au amepiga jipsamu bila kuacha tundu la hewa kwenye kenchi, kule juu hewa imefungiwa inachemka, joto lake linashuka chini usiku kucha. Saa saba mchana mimi nikiwa juu ya bati naweka kipande cha boksi chini ya goti, ukisahau goti linabaki na alama. Mkono mtupu huwezi kuushika msumari uliokaa juani kwa muda. Sasa hilo bati ndo paa la chumba chako.

Halafu madirisha. Zamani nyumba za Isamilo na Capri Point zilikuwa na vioo vya luva, unafungua dirisha zima, hewa inaingia huku inatokea kule. Siku hizi alumini ya kuslaidi, dirisha la futi tano kwa nne linafunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kimekaa kinapokea jua. Na vyumba vinapangwa kila kimoja na dirisha moja, upepo utatokea wapi? Upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Nimewaambia wateja mpaka nimechoka, wanasema luva ni za kizamani.

Mtoa mada usihangaike na hali ya hewa, mwambie mwenye nyumba apake bati rangi nyeupe na atoboe matundu ya hewa kwenye pembe za paa, utarudi hapa kunishukuru.

#14 Sato Choma
Fundi kaja na biashara yake kwa mlango wa nyuma 😂😂

#15 Fundi Bati
Biashara ndo ipi, rangi anapaka hata yeye mwenyewe.

#16 Mzee wa Makoroboi
Fundi kaongea. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa ya tope na makuti, baadae ikawa ya tofali za kuchoma na luva. Feni tuliiona kwa Wahindi tu.

Lakini nyote mmesahau mawe. Huu mji umejengwa katikati ya majabali. Panda Mabatini, Igogo, Bugando upande wa nyuma, nyumba imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Jiwe linakunywa jua mchana kutwa, saa mbili usiku ukiliegemea bado la moto. Usiku mzima linatoa. Kule tambarare Magu au Kwimba mchana kuna jua kali kuliko hapa lakini alfajiri unajifunika.

#17 DJ wa Igoma
Mzee mawe yalikuwepo tangu Mungu anaumba, yale yale. Hayawezi kuwa sababu ya mwaka huu kuzidi.

#18 Mzee wa Makoroboi
Nani kakwambia mwaka huu limezidi? Soma namba 3.

#19 mama dagaa Igombe
Jamani mwangaluka. Nyie lieni, sisi wa dagaa hili jua tuliombe liendelee. Giza la mwezi likiingia wanaume wanavua usiku, asubuhi dagaa wanashuka, nikitandaza kwenye nyavu saa mbili kwa jua kama hili jioni nakusanya wamekauka wanalia kwenye gunia, weupe wanang'aa, hata mteja wa Kongo habishani na bei. Wakipigwa na wingu siku nzima wanageuka rangi, wanatoa harufu, mwishowe unauza kwa watu wa chakula cha kuku. Kwa hiyo vuli ikichelewa wiki mbili mimi sina shida nayo.

Ila ni kweli usiku upepo umekata. Sisi tupo mchangani kabisa na bado hakuna.

#20 Bwana Mchembe
Mama dagaa umenena. Huku Misungwi viazi vimekatwa vimeanikwa juu ya mawe, michembe ya mwaka huu inakauka vizuri hadi raha. Mawe anayoyasema Mzee ndo mashine yetu.

#21 ticha wa jiografia
Mama dagaa kagusa jambo kubwa, upepo. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inakuja kuziba pengo, ndo ule upepo wa mchana kutoka ziwani. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, upepo unatoka huku unaenda ziwani, unakutana katikati na wa kutoka Uganda na Kenya, ndo maana radi nyingi zinapiga ziwani usiku wa manane mpaka alfajiri na wavuvi wanazifahamu.

Sasa ili upepo utembee lazima kuwe na tofauti ya joto kati ya maji na nchi. Ziwa likiwa limepata moto na nchi nayo haipoi usiku, tofauti inakuwa ndogo, hewa inakaa tu. Hapo ndo shuka linakugandia.

#22 Kasuku wa Kirumba
Ziwa Victoria haliwezi kupata moto kirahisi, ni moja ya maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani.

#23 ticha wa jiografia
Hapana mkuu, hiyo sifa ni ya Tanganyika, ile ina mita karibu 1,470. Letu ni pana sana, kilomita za mraba karibu 68,800, lakini ni sahani. Wastani mita 40, penye kina kirefu kabisa mita 80 na kidogo. Linapata moto vizuri tu.

#24 Kasuku wa Kirumba
Mita 80 bado ni ndefu, wewe unaweza kuzama humo.

#25 Sato Choma
Kasuku hashindwi 😂

#26 kijana wa vizimba
Nafanya kazi kwenye vizimba vya sato, sitataja wapi. Ticha yuko sahihi kuhusu maji. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa kusini unavuma sana, unalivuruga ziwa mpaka chini, maji ya juu na ya chini yanachanganyika. Ukiingia Septemba upepo unapoa, maji ya moto yanakaa juu, ya baridi yasiyo na hewa yanabaki chini, hayapandi. Maji ya moto yenyewe yanabeba hewa kidogo. Alfajiri kabla jua halijatoka ndo mbaya zaidi, yale majani mabichi ya majini yamekula hewa usiku kucha. Ukifika na boti kimya kimya unakuta sato wote wapo juu, midomo nje, wanabugia hewa, kizimba kizima kinatoa mlio kama mvua nyepesi. Siku hiyo hulishi. Ukilisha samaki aliyeshiba anataka hewa zaidi, unaua.

Bosi mmoja alilazimisha walishwe kwa sababu kuna oda. Tulizika samaki kwa mafuso.

#27 mama dagaa Igombe
Pole sana mwanangu. Kweli joto lina wenye nalo.

#28 Binti Sengerema
Hiyo ya midomo juu nimeiona kwenye ghuba karibu na kwetu, bibi anasema ni dalili mvua inakaribia.

#29 Ngosha wa Leeds
Wakuu niwasalimu kutoka Uingereza. Nasoma nacheka 30 inavyotandikiwa uzi. Julai 2022 hapa walifika 40.3, ni rekodi ya nchi, tarehe 19 pale Coningsby. Treni zilipunguzwa mwendo reli zisipinde, watu walilala kwenye bafu la maji baridi. Nyumba za huku zimejengwa kutunza joto la ndani, kuta zimejazwa pamba, hakuna feni, madirisha yanafunguka kiganja. Kwa hiyo Fundi Bati ana pointi, nyumba ndo inaamua. Na cha kuchekesha huku jua lenyewe la Juni linazama karibu saa nne usiku, chumba hakipati muda wa kupoa.

#30 DJ wa Igoma
Ngosha ukirudi likizo Desemba usije kutuambia Mwanza kuna joto.

#31 Ngosha wa Leeds
Bhebhe nakuja na feni yangu kabisa.

#32 Mwanaharakati Ilemela
Nashangaa post zote hizi hakuna aliyetaja mabadiliko ya tabianchi. 2024 dunia nzima ulikuwa mwaka wa joto kuliko wote tangu waanze kupima, 2023 ndo unafuata. Machi 2024 Sudan Kusini walifunga shule kwa joto la kuelekea 45. Sudan Kusini siyo mbali, ni juu ya Uganda hapo. Mnabishana mawe na luva wakati dunia inaungua.

#33 Mzee wa Makoroboi
Sawa mwanaharakati, lakini dunia hiyo hiyo inaungua Bukoba na Bukoba hawalalamiki. Wakati huu huu mdogo wangu yuko kule anasema kunanyesha.

#34 Mpima Mvua
Mzee Bukoba ni habari nyingine. Upepo mkubwa huku unatoka mashariki na kusini mashariki, unasukuma yale mawingu ya ziwani kwenda upande wa magharibi. Bukoba wanapata karibu mara mbili ya mvua yetu kwa mwaka, na vuli yao inaanza mapema. Wingu linatengenezwa mbele yetu linaenda kunyesha kwa Wahaya. Anayetaka kuona aombe picha za rada ya hali ya hewa ya pale Kiseke.

#35 Sato Choma
Yaani hata mvua inasoma shule Kagera.

#36 Bwana Mchembe
Mimi naamini ni miti. Zamani barabara ya kwenda Usagara ilikuwa na vichaka, saivi viwanja. Mkaa nao. Shinyanga walishaonywa kuwa wanageuka jangwa, ukaja mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, wakarudisha ngitili, wazee wanatenga eneo ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikali, miti ikarudi yenyewe bila kupandwa. Mpaka tuzo ya kimataifa wakapata 2002. Sasa ukipita ngitili ya watu mchana wa Septemba, ingia ndani ukae dakika tano, halafu toka usimame kwenye shamba la pamba lililong'olewa masalia. Hutauliza tena joto linatoka wapi.

#37 Mwanaharakati Ilemela
Ndo hicho hicho ninachosema.

#38 Bwana Mchembe
Hapana, wewe unasema dunia, mimi nasema panga.

#39 Kasuku wa Kirumba
Sababu ni El Niño, ile maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata moto. El Niño ikija huku kwetu inakausha mvua, joto linapanda.

#40 Mpima Mvua
Kasuku umeigeuza. Huku kwetu El Niño inaelekea kuongeza vuli. 1997 mmesahau? Madaraja yalikwenda na maji. 2023 nayo vuli ilimwaga. Ya kukausha vuli ni mwenzake, La Niña, Pasifiki ikipoa, 2010 na miaka ile mitatu mfululizo kuanzia 2020 ndo ilikuwepo. Na usisahau Bahari ya Hindi, mwishoni mwa 2019 El Niño haikuwepo ya maana, bahari upande wetu ilikuwa ya moto kuliko upande wa Indonesia, mvua ikanyesha mpaka Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42 kwa kipimo cha usawa wa maji cha Jinja, Uganda, sio kina, na mialo ikamezwa.

#41 mama dagaa Igombe
2020 usinikumbushe. Maji yalikuja mpaka kwenye kichanja changu cha kukaushia.

#42 Kasuku wa Kirumba
Basi ni La Niña. Bado nipo pale pale, ni mambo ya bahari.

#43 DJ wa Igoma
😂😂😂 Kasuku uzi huu ni wako.

#44 Nesi wa zamu
Samahani kuingilia utani. Joto liwe la mawe au la bati, wodini tunaona watoto wachanga waliofunikwa blanketi mbili na kofia ya sufu mchana wa jua, wamejaa vipele shingoni na makwapani, mama anasema anaogopa nimonia. Mvue, mpe hewa, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, chini ya miezi sita maji hapewi, maziwa yanatosha. Wazee nao hawasikii kiu, wakumbusheni kunywa. Wabeba mizigo wa mwaloni na mafundi, ukiona mwenzako kaacha kutoka jasho, ngozi ya moto na anaongea vitu havieleweki, peleka kivulini, mmwagie maji mpepee, na hospitali hapo hapo, sio kumpa soda asubiri.

Mama mkubwa wa mtoa mada aende sokoni asubuhi, abebe mwavuli na maji. Hakuna haja ya kujifungia, ndani ya bati ndo kuna joto zaidi.

#45 Kijana wa Nyakato
Asante Nesi, nimemsomea. Kasema kama ni asubuhi ataenda lakini ile voisi noti haifuti.

Halafu nimeongea na mwenye nyumba kuhusu rangi nyeupe. Kanijibu nikitaka nipake mimi, gharama sitakatiwa kwenye kodi.

#46 Fundi Bati
Basi fanya hivi, usiku fungua mlango wa mbele na dirisha la jikoni, feni iweke dirishani iangalie nje itoe hewa ya moto, usiielekeze usoni. Saa tatu asubuhi funga mapazia upande wa mashariki, mchana upande wa magharibi.

#47 Sato Choma
Na umeme ukikatika feni iangalie wapi?

#48 Fundi Bati
Iangalie mbinguni.

#49 Binti Sengerema
Jana usiku huku kwetu tumeona radi kwa mbali upande wa Ukerewe, nyingi, haina sauti. Na wale wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi asubuhi. Bibi anasisitiza haizidi wiki.

#50 ticha wa jiografia
Unyevu umeanza kupanda, ndo maana fukuto limezidi wakati namba ya joto ni ile ile. Mimi nasema kabla ya tarehe 10 Oktoba mvua itakuwa imenyesha mjini.

#51 Mzee wa Makoroboi
Haitanyesha. Itatudanganya na mawingu mpaka katikati ya mwezi. Ticha weka dau, sato mmoja mkubwa wa kuchoma.

#52 ticha wa jiografia
Nimekubali mzee wangu. Tunahesabu ikinyesha wapi?

#53 Mzee wa Makoroboi
Mjini. Makoroboi, mbele ya duka langu.

#54 Mpima Mvua
Hapana, kwenye kituo cha uwanja wa ndege, ndo kuna kipimo. Mvua za mwanzo huku zinanyesha mtaa mmoja zinaruka mwingine, Buhongwa inaweza kuoga Kirumba kukavu.

#55 DJ wa Igoma
Na ikinyesha Igoma?

#56 Mzee wa Makoroboi
Igoma sio mjini.

#57 DJ wa Igoma
Mzee hapo umeanzisha uzi mwingine kabisa.